Sare Iliyowauma Kama Kushindwa

Wazee walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno hayo husikika sana viwanjani, na mara nyingi msemaji wake ni yule aliyeshinda. Lakini liko jambo moja ambalo methali hiyo hailigusi: mtu afanye nini ikiwa hakushinda wala hakushindwa? Wako wazee wenye mvi huko Marekani walioulizwa habari hiyo karibu miaka arobaini baada ya mchezo wao kwisha. Majibu yao yafaa kusikilizwa na kila mtu aliyewahi kuvaa jezi ya shule yake.

Kwanza hapana budi kueleza mchezo wenyewe, maana mpira wa Wamarekani si huu tuujuao. Mpira wao una umbo la yai lililochongoka pande zote mbili, nao huchukuliwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu. Kila upande una watu kumi na mmoja, na uwanja una urefu wa yadi 100 toka mstari wa goli hata mstari wa goli. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakisogea hupewa nafasi nyingine nne, na wasiposogea mpira huenda kwa wenzao. Afikishaye mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho huwapatia wenziwe alama 6. Baada ya hapo hupewa jaribio moja la nyongeza: wakiupiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya milingoti hupata alama 1, na wakiuvusha tena mstari kwa mkono hupata alama 2. Msomaji na akumbuke hizo alama mbili, maana ndizo zilizoleta kisa chote.

Mchezo huu ulizaliwa vyuoni. Mwaka 1869 vijana wa Rutgers walipambana na wale wa Princeton, na mwaka 1875 chuo cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1636, kilicheza mara ya kwanza na chuo cha Yale, kilichoanzishwa mwaka 1701. Tangu hapo uhasama wa vyuo hivyo viwili haukupoa. Zamani ulikuwa mchezo wa hatari sana. Vijana kadhaa walipoteza maisha yao, hata mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe alisoma Harvard, akawaita wakuu wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton nyumbani kwake Ikulu, akawaonya wausafishe mchezo. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa, na wachezaji wakaruhusiwa kuurusha mpira mbele kwa mkono.

Wala haikuwa kazi ya vyuo vya Wazungu peke yake. Tarehe 27 Desemba 1892, katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina, vijana wa Kiafrika wa chuo cha Livingstone waliwakaribisha wenzao wa chuo cha Biddle. Huo ndio uliokuwa mchezo wa kwanza wa namna hii baina ya vyuo vya watu weusi. Chuo cha Livingstone kilipewa jina la Dakta David Livingstone, yule msafiri ajulikanaye sana katika nchi zetu, na ndicho kilichomlea Dakta Aggrey wa Gold Coast, aliyefika Kenya mwaka 1924 pamoja na tume iliyochunguza elimu ya Waafrika.

Siku ile theluji ilianguka ikaufunika uwanja mzima, hata mistari haikuonekana. Wachezaji hawakuwa na viatu vya michezo. Walipigilia njumu katika viatu vyao vya kila siku. Katikati ya mchezo mpira ulimponyoka mtu wa Biddle, na kijana mmoja wa Livingstone, jina lake W. J. Trent, akauokota akakimbia nao mpaka mwisho. Wenyeji wakashangilia. Lakini watu wa Biddle walidai kwamba mpira uliokotwa nje ya mstari. Ni nani angeweza kujua, na mstari umelala chini ya theluji? Mwamuzi alikata shauri kwa upande wa Biddle, na Biddle wakashinda.

Livingstone hawakuondoka uwanjani wala hawakumpiga mwamuzi. Kijana Trent alimaliza masomo yake, akawa mtu wa maana, na mwaka 1925 akafanywa mkuu wa chuo kile kile, akakiongoza kwa zaidi ya miaka thelathini. Chuo cha Biddle nacho kilikuja kuitwa Johnson C. Smith, na vyuo hivyo viwili viliendelea kuwa watani wa mpira. Alama zile alizonyimwa Trent hazikurudishwa kamwe. Heshima yake, hata hivyo, haikupungua hata kidogo.

Basi, turudi kwa Harvard na Yale. Tarehe 23 Novemba 1968 walikutana katika uwanja wa Harvard, uliojengwa mwaka 1903, mbele ya watu wapatao 40,000. Kila upande ulikuwa umecheza mara nane mwaka ule na kushinda mara zote nane. Jambo hilo la kukutana pasipo doa kila upande halikuwa limetokea tangu mwaka 1909.

Hata hivyo wengi waliamini kwamba Yale ndio watakaoshinda. Walikuwa wameshinda michezo kumi na sita mfululizo. Kiongozi wao uwanjani alikuwa Brian Dowling, kijana ambaye, kama ilivyosemwa, hakuwa amepoteza mchezo tangu alipokuwa darasa la saba. Pamoja naye alikuwako Calvin Hill, kijana wa Kiafrika wa Marekani mwenye mbio na nguvu, ambaye baadaye alijipatia sifa kubwa katika timu ya Dallas Cowboys. Kwa upande wa Harvard hapakuwa na majina ya kutisha. Mmoja wa walinzi wao, Pat Conway, alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam. Na humo humo chuoni walikuwamo vijana waliovipinga vita vile kwa nguvu zote. Uwanjani walivaa jezi moja.

Mchezo ulipoanza, mambo yalikwenda kama yalivyotazamiwa. Kabla ya mapumziko Yale walikuwa na alama 22, na Harvard hawana kitu. Ndipo mwalimu wa Harvard, John Yovicsin, alipofanya jambo ambalo walimu wengi huliogopa. Alimtoa mrusha mpira wake wa kawaida, akamwingiza kijana wa akiba aitwaye Frank Champi, ambaye watu hawakumjua sana, na ambaye alizoea pia kurusha mkuki katika michezo ya riadha. Champi akapata alama 6 kabla ya mapumziko. Baada ya mapumziko Yale waliuangusha mpira karibu na goli lao, Harvard wakapata alama nyingine 7. Lakini katika robo ya mwisho Dowling mwenyewe alikimbia na mpira akavuka mstari: Yale 29, Harvard 13.

Hapo watu wa Yale walitoa vitambaa vyeupe wakavipunga kuwadhihaki wenyeji. Baadhi ya watazamaji wa Harvard waliinuka wakashika njia ya kwenda nyumbani.

Yale walikuwa wakielekea kufunga tena mpira ulipowaponyoka. Ilikuwa mara ya sita siku ile kuupoteza namna hiyo. Harvard wakaanza safari ya yadi 86. Njiani Champi naye aliuangusha mpira, lakini mwenzake Fritz Reed, mtu mnene wa mstari wa mbele ambaye kazi yake haikuwa kuchukua mpira, aliuokota akakimbia nao kuelekea goli. Punde Champi akamrushia Bruce Freeman, naye akavuka mstari. Saa ya uwanja ilionyesha kwamba zimebaki sekunde 42.

Jaribio la nyongeza la kwanza lilishindwa, lakini mwamuzi alisema kwamba mtu wa Yale amemzuia mpokeaji kinyume cha sheria, basi Harvard wakapewa nafasi ya pili, wakapata alama 2. Ikawa 29 kwa 21. Kisha Harvard waliupiga mpira mfupi wa chini, ukamgonga mtu wa Yale, na Bill Kelly wa Harvard akaulalia. Champi akakimbia yadi 14. Mtu wa Yale akamkamata kwa chuma cha kofia yake, jambo lililokatazwa, na adhabu ikaongeza yadi 15. Hatimaye zikabaki sekunde 3 na yadi 8. Champi alizungukazunguka huku akifukuzwa, kisha akaurusha mpira kwa Vic Gatto, kapteni wa timu, aliyekuwa pembeni peke yake. Gatto akaudaka, na saa ikawa imekwisha.

Watu walimwagika uwanjani, ikabidi waondolewe, maana sheria huruhusu jaribio la nyongeza hata wakati ukiwa umekwisha. Champi akaurusha mara ya mwisho, na Pete Varney, kijana mrefu mwenye mwili, akaukumbatia. Ishirini na tisa kwa ishirini na tisa. Siku hizo hapakuwa na muda wa ziada kwa vyuo. Utaratibu huo ulikuja mwaka 1996. Gazeti la wanafunzi wa Harvard likaandika kwa herufi kubwa kwamba Harvard wamewashinda Yale 29 kwa 29. Kwa hesabu ni upuuzi. Lakini aliyekuwa uwanjani hakuona kosa lolote katika maneno hayo.

Miaka mingi ikapita. Kisha mtengeneza filamu Kevin Rafferty, ambaye naye alisoma Harvard, aliwatafuta wachezaji wa pande zote mbili, akawasikiliza mmoja mmoja nyumbani kwao. Filamu yake ilitoka mwaka 2008, na jina lake ni maneno yale yale ya gazeti. Humo anaonekana Tommy Lee Jones, aliyekuwa mchezaji wa mstari wa mbele wa Harvard kabla hajawa mwigizaji mashuhuri wa sinema. Anaonekana Dowling, ambaye sura yake ilichorwa na mwanafunzi mwenzake Garry Trudeau katika katuni zilizosomwa Marekani nzima. Na anaonekana Champi, shujaa wa siku ile, ambaye mwaka uliofuata aliuacha mpira kwa hiari yake wakati kila mtu akitazamia makubwa kwake.

Jambo la kustaajabisha ni hili. Wazee wa Harvard husimulia kwa kicheko, kama watu waliookota fedha njiani. Wazee wa Yale hukumbuka kila yadi: mpira ulioponyoka, filimbi ya mwamuzi, mkono ulioshika kofia. Hawakushindwa, wala hakuna kitabu kinachoandika kwamba walishindwa, na walishiriki ubingwa wa mwaka ule sawasawa na wenzao. Hata hivyo siku ile iliwauma kama msiba. Lakini wako miongoni mwao wanaokiri kwamba sare ile iliwafundisha somo ambalo ushindi usingeweza kuwafundisha. Kijana asiyejua kushindwa hudhani kwamba dunia yote ni mali yake. Sekunde 42 zilitosha kumwonyesha kwamba sivyo.

Katika nchi yetu wako makarani, walimu na wakulima wengi wanaokumbuka mchezo mmoja wa shuleni kuliko mitihani yote waliyofanya. Hukaa jioni wakibishana kama mpira ulivuka mstari au haukuvuka, na kama refa alipendelea au hakupendelea. Si vibaya kukumbuka. Ubaya ni kuligeuza kumbukumbu kuwa kinyongo, na kuwarithisha watoto ugomvi wa mpira uliokwisha kutoboka zamani.

Mwalimu wa timu na amtazame Champi akiwa bado kwenye benchi, maana huenda aliye wa akiba ndiye atakayeokoa siku. Mtazamaji na asipunge kitambaa cheupe kabla ya filimbi. Na mchezaji aliyenyimwa haki yake, kama kweli alinyimwa, na amkumbuke kijana Trent katika theluji ya Salisbury. Yeye hakupewa alama zake. Alipewa chuo kizima akiongoze, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuona jinsi alivyokuwa mtu.