Wati Nyingi Bila Usafi Ni Kelele

Wapo wadhanio kwamba ubovu wa mawasiliano una dawa moja tu: kuongeza nguvu ya mtambo. Fikira hiyo haina budi kusahihishwa, hasa katika nchi yetu ya vilima elfu, ambamo mawimbi ya simu hayapenyi mlima bali hupokezanwa kutoka kilele hadi kilele.

Wakazi wa Kigali wanakikumbuka kituo cha Deutsche Welle kilichokuwa Kinyinya tangu 1965 hadi 2015. Kazi yake ilikuwa kupokea matangazo kutoka Ujerumani, kuyakuza, kisha kuyarusha upya. Minara ya leo nayo hupokea, hukuza na kurusha.

Lakini kila kikuza mawimbi kina mpaka wake. Kikisukumwa kupita mpaka huo, hukata vilele vya mawimbi na kuzaa mawimbi mageni. Masafa ya megahezi 100 na 101 yakipita pamoja katika mtambo uliolemewa, huzaliwa pia 99 na 102, ambayo hakuna aliyeyatuma. Ishara ikiongezwa nguvu maradufu, takataka za namna hiyo huongezeka takriban mara nane. Kituo kinachofuata, kama ni cha kukuza tu, hakitambui lililo la kweli; hukuza yote. Vituo vya kidijiti, visomavyo ujumbe na kuuandika upya, huzuia takataka hizo zisirundikane. Lakini navyo vikishindwa kuusoma, ujumbe umepotea.

Tulipokuwa makadeti tulifunzwa kwamba apokezaye amri asiongeze neno wala asipunguze. Mitambo nayo yastahili nidhamu hiyo.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini mwetu. Katika saa kama hiyo kila mtu hupiga simu, na mitambo hubeba mzigo mkubwa kuliko siku zote. Tahadhari isiyosikika ni sawa na tahadhari isiyotolewa.

Kwa hiyo wanunuao mitambo wasiulize tu ina wati ngapi. Waulize hubaki safi hadi wati ngapi. Kisha mafundi waiendeshe chini ya mpaka huo, wakiacha akiba kwa ajili ya saa ya dhiki. Ni kweli kwamba akiba hiyo hugharimu umeme na fedha. Hata hivyo, usipoziba ufa utajenga ukuta.