UFUGAJI WA NYUMBANI: MBWA NA PILIPILI

Ni desturi katika nyumba nyingi kwamba, watu wakisha kula jioni, makombo hutiwa katika sufuria kuukuu akapewa mbwa. Ikiwa mchuzi ulikuwa na pilipili na bizari, mbwa naye hupata sehemu yake. Tena wako wenye mbwa ambao hutia pilipili katika chakula chake kwa makusudi, wakiamini kwamba itamfanya awe mkali kwa wezi.

Imani hiyo haina msingi. Ukali wa pilipili si ladha bali ni maumivu, nayo humchoma mbwa kinywani na tumboni kama imchomavyo mtu. Akisha kula hudondokwa na mate, hutafuta maji, na huweza kutapika au kuharisha. Mbwa mwenye maumivu aweza kuuma, lakini hachagui. Atamwuma mtoto wa nyumba kabla ya mwizi. Ulinzi mwema hutokana na malezi: mbwa azoezwe tangu udogo, ashibe, na aijue nyumba yake.

Hata hivyo, pilipili siyo adui mkubwa katika mchuzi. Adui mkubwa ni kitunguu, na kitunguu saumu hukipita kwa nguvu. Hivi viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, wala kupikwa hakuondoi sumu yake. Gramu 15 za vitunguu kwa kila kilo 1 ya uzito wake zaweza kumdhuru. Yaani mbwa wa kilo 10 adhurika kwa gramu 150, kadiri ya kitunguu kimoja kikubwa. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: ufizi hupauka, mkojo huwa mwekundu au wa kahawia, na mbwa hulegea na kuhema. Kwa sababu ya kuchelewa huko, mwenyewe aweza kumshuku jirani kuwa amemtilia mbwa sumu, na ugomvi ukazuka bure.

Yafaa basi chakula cha mbwa kitengwe kabla ya viungo kutiwa: ugali na nyama kidogo iliyochemshwa bila chumvi, na maji safi daima. Dalili zikionekana, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile.

Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Mbwa huwashwa kwa pilipili asiyoichuma wala kuiomba, naye hana ulimi wa kushtaki. Mwenye mbwa hana budi kumwangalia.