Kompyuta Inayojizima na Kujiwasha: Tupime Kabla ya Kutibu

Atembeleaye shule na nyumba za walimu huko Masasi na Newala hakosi kukuta, pembeni mwa chumba, kompyuta iliyofunikwa kitambaa. Akiuliza imepatwa na nini, aghalabu hujibiwa hivi: ilikuwa ikijizima na kujiwasha yenyewe, na fundi akasema ni virusi. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba jibu hilo mara nyingi si la kisayansi, na kwamba shule zetu za sekondari zinao uwezo wa kutoa jibu lililo bora zaidi.

Dada yangu ni mwalimu wa sekondari katika Wilaya ya Newala. Katika kompyuta yake ya nyumbani alitunza alama za tathmini endelevu za wanafunzi wake. Mashine ilipoanza kujizima na kujiwasha, aliipeleka kwa fundi, naye bila kupima kitu chochote akaifomati. Alama zote zikapotea. Mashine ilirudi nyumbani, na jioni ile ile ikajizima tena. Kazi ya miezi kadhaa ilikuwa imeangamia, na ugonjwa ulikuwa pale pale.

Simlaumu fundi yule peke yake. Sisi sote tumekifanya kirusi kuwa mchawi wa kompyuta: kila msiba usioelezeka hubebeshwa yeye. Lakini sayansi haianzi kwa kumtaja mshitakiwa. Huanza kwa kuuliza: jambo hili hutokea lini, wapi, na katika hali gani?

Kompyuta hujiwasha upya kwa sababu chache zinazojulikana. Ya kwanza ni umeme. Kikasha ambacho mafundi hukiita pawa saplai huupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3. Umeme ukikatika kwa muda wa kama sehemu moja ya hamsini ya sekunde, kikasha kizima huweza kuvumilia kwa akiba iliyomo katika kapasita zake. Ukipungua kupita hapo, au kapasita zikiwa zimechoka, kikasha huondoa ishara inayoiambia bodi kuu kwamba umeme ni salama, na mashine huanza upya. Taa ya chumbani huenda ikapepesa tu, na pengine usiione.

Sababu ya pili ni joto. Vumbi likiziba feni na mapezi ya chuma yanayopoza prosesa, joto hupanda mpaka prosesa ijizime ili isiungue. Ya tatu ni kadi ya kumbukumbu isiyokaa vizuri mahali pake. Ya nne ni kosa katika programu. Windows, kwa mfano, huwa imepangwa kujiwasha upya ipatapo kosa kubwa. Mpango huo waweza kuondolewa ili ujumbe wa kosa ubaki kwenye kioo na kusomwa. Virusi wamo katika fungu hili la nne, nao ni sehemu yake ndogo tu.

Tuzitenganisheje sababu hizi? Nilimwomba dada achukue daftari na kulichora safu nne: saa ya tukio, dakika tangu mashine iwashwe, kazi iliyokuwa ikifanyika, na hali ya taa. Kisha tulifanya jaribio moja lisilogharimu hata senti. Tuliiwasha mashine na kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya bayosi, unaopatikana kabla Windows haijaanza, tukaiacha hapo. Jioni ile mashine ikajiwasha upya ikiwa katika ukurasa huo huo. Windows ilikuwa haijaanza, wala programu yoyote ya diski haikuwa ikifanya kazi. Kwa hiyo kirusi hakuwa na hatia, na alama za wanafunzi zilifutwa bure.

Daftari nalo lilisema lake. Matukio karibu yote yalikuwa kati ya saa 1 na saa 3 usiku, taa zikififia, hata kama mashine ilikuwa imewashwa muda mfupi tu. Joto, basi, halikuwa chanzo kikuu. Hapa ingekuwa rahisi kusema kwamba kosa ni la umeme na kufunga shauri. Lakini jirani aliye kwenye waya ule ule alikuwa na kompyuta isiyojizima hata mara moja. Tulipoazima pawa saplai yake na kuifunga katika mashine ya dada, taa zilififia kama kawaida, na mashine ikaendelea kufanya kazi. Chanzo kilikuwa mambo mawili yaliyokutana: umeme unaopungua jioni, na kikasha kilichozeeka hata kisiweze tena kuvumilia. Kikasha kipya kiliimaliza kazi. (Wanafunzi waonywe: kikasha hicho hubadilishwa kizima, baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kisifunguliwe kamwe, kwani kapasita zake huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.)

Mwalimu wa fizikia ataona mara moja kwamba hapa pana somo zima. Kwa nini taa hufifia saa za jioni? Mkondo unaozidi, ukipita katika waya mrefu wenye ukinzani, hupoteza volti njiani: ni kanuni ya Ohm, ambayo wanafunzi huikariri bila kuiona.

Mwalimu wa kemia naye ana lake. Katika msimu wa kupulizia mikorosho, kuanzia mwezi Juni hivi, hewa ya vijiji vyetu hujaa unga wa salfa, dawa ya ubwiriunga. Salfa huungana na shaba na fedha, metali zitumikazo ndani ya kompyuta, na kuzifanya kuwa nyeusi. Wanafunzi na waweke kipande cha waya wa shaba uliosuguliwa dirishani, na kingine ndani ya chupa iliyozibwa, kisha walinganishe baada ya miezi miwili. Wakati huo huo mashine ifunikwe kanga ikiwa imezimwa, na kanga iondolewe kabla ya kuiwasha, la sivyo tutakimbia salfa na kuangukia joto.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha katika miaka ya 1960, na baada ya matatizo na hasara, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Marufuku hayo yaliondoka zamani. Leo tunaelekea upande wa pili: tunaingiza kila mashine, na ikiugua tunaitupa. Kwa maoni yangu njia hizi mbili zina asili moja, nayo ni kuitazama mashine kama kitu kisichochunguzika.

Napendekeza mambo matatu. Kila shule inayopewa kompyuta ipewe pia multimita, bisibisi na pawa saplai moja ya akiba. Kila kompyuta iwe na daftari lake la matukio, litunzwe na wanafunzi wenyewe. Na pasiwe na mashine itakayofomatiwa kabla ya kunakili yaliyomo na kuandika sababu katika daftari hilo. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kompyuta moja mpya.

Dada yangu sasa anatunza alama mahali pawili. Wanafunzi waliorudia majaribio yao hawakuwa na kosa lolote. Walilipia uzembe wetu wa kutibu bila kupima.