Mbu Ndani ya Spika za Gari

Sajini mmoja, baba wa watoto watatu, aliweka akiba kwa muda wa miezi saba ili alitie gari lake amplifaya na spika nne. Gari lenyewe lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo mengi yaendayo katika barabara za Uganda. Alasiri ya Jumamosi kazi ilipokamilika, familia nzima iliingia garini kusikiliza. Injini ikawashwa, na kabla wimbo haujaanza, spika zote nne zikatoa mlio mwembamba, uliopanda kila mguu ulipokanyaga mafuta na kushuka kila ulipoachia.

“Baba watoto,” mkewe akauliza kwa upole, “huyo mbu naye umemnunua pamoja na amplifaya?”

Fundi aliyeifunga akashikilia kwamba amplifaya ile ilitoka dukani ikiwa mbovu. Sajini akakopa, akanunua nyingine, akalipa ufundi kwa mara ya pili. Mbu akabaki pale pale.

Kelele ya namna hii ni nadra kuzaliwa na amplifaya. Chimbuko lake ni altaneta, kile chombo kizungushwacho na mkanda wa injini ili kuchaji betri. Altaneta huzalisha mkondo geu, na daiodi zilizomo ndani yake huunyoosha uwe mkondo wa upande mmoja. Hata hivyo mkondo huo haunyooki kabisa, bali hubakia na mawimbi madogo yanayoongezeka kasi kadiri injini inavyokwenda mbio. Mawimbi hayo yapo katika kila gari, na taa wala honi hazidhuriki nayo. Kazi ya amplifaya, lakini, ni kukuza kila kinachopita mlangoni mwake, nayo haina akili ya kutenganisha wimbo na taka.

Taka hizo hupita wapi? Mara nyingi hupitia waya wa kurudishia umeme katika bodi, ule uitwao ethi na mafundi. Redio imefungwa ethi yake nyuma ya dashibodi, na amplifaya imefungwa yake kule buti. Iwapo mojawapo imeshika vibaya, sehemu hizo mbili hutofautiana kidogo kwa volti, na umeme, ambao hutafuta njia yoyote iliyo rahisi, hujipenyeza katika nyaya nyembamba zinazochukua wimbo kutoka redioni hadi kwenye amplifaya. Hapo ndipo mbu anapozaliwa.

Kwa hiyo mwenye gari asinunue kitu chochote kabla ya kujua kelele inaingilia wapi, na jambo hilo hujulikana bila gharama. Kwanza awashe injini na redio, kisha aipunguze sauti mpaka mwisho. Ikiwa mlio haubadiliki, unaingia baada ya redio. Ikiwa unapungua pamoja na wimbo, unaingia katika redio yenyewe, au katika waya unaoilisha umeme, au katika antena. Pili, azime kila kitu, azichomoe nyaya za wimbo kwenye amplifaya, halafu awashe tena. Mlio ukitoweka, amplifaya haina hatia. Ukibaki, basi auchunguze umeme uingiao katika amplifaya, ethi yake, na nyaya ziendazo kwenye spika. Na hapo tu ndipo amplifaya yenyewe inapostahili kushukiwa. Tatu, aunganishe simu au kichezeo kidogo cha muziki kinachotumia betri yake chenyewe, kisichochajiwa na gari. Wimbo ukisikika safi, kosa liko katika redio au katika nyaya zitokazo huko.

Sajini alifanya majaribio hayo Jumapili asubuhi, mwanawe mkubwa akikanyaga mafuta na yeye akiinamia buti. Nyaya za wimbo zilipochomolewa, kimya kikatanda. Amplifaya ya kwanza, ambayo wakati huo ilikwisha kuuzwa kwa bei ya hasara, ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Alipoifuata ethi, aliikuta imefungwa kwenye bolti ya mkanda wa usalama, juu ya rangi. Hayo ni makosa mawili katika bolti moja. Rangi haipitishi umeme, na bolti ile imewekwa ili kumzuia mtu asirushwe nje ya kioo. Haifai kulegezwa kwa ajili ya muziki. Ethi njema hufungwa kwenye bati nene la bodi, lililokwanguliwa kwa msasa mpaka liking'ae. Waya wake uwe na unene sawa na ule utokao betri, usizidi nusu mita kwa urefu, na ukazwe kwa nati yenye washa ya meno. Kisha pahali hapo papakwe grisi ili kutu isiingie, kwani vumbi na mitikisiko ya barabara za muramu haviheshimu kazi ya mtu. Mwenye mita aipime ethi wakati muziki unalia kwa nguvu: ncha moja aiguse kwenye ethi ya amplifaya na nyingine kwenye ncha hasi ya betri. Ikisoma sehemu ya kumi ya volti au chini yake, ni vizuri. Nusu volti ni nyingi mno.

Nyaya za wimbo nazo zisilazwe pamoja na waya mnene wa umeme. Huu upite upande mmoja wa gari na zile upande wa pili. Palipo lazima zikutane, zikatizane kama njia panda.

Kelele si za aina moja. Mlio wa ta-ta-ta unaofuata mwendo wa injini hutokana na cheche za plagi, hasa nyaya za plagi zinapokuwa zimechakaa. Mwenye gari la dizeli asisumbuke nao, kwa kuwa injini yake haina cheche. Mvumo wa shhh usiobadilika hutokana na kifundo cha geini kilichofunguliwa kupita kiasi. Wengi hukidhania kuwa ni cha kuongeza sauti, na kwa dhana hiyo wameunguza spika nyingi. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio tu. Kianzie chini kabisa, redio ifunguliwe hadi robo tatu, kisha kipandishwe polepole mpaka wimbo uanze kukwaruza, halafu kirudishwe nyuma kidogo.

Ikiwa ethi ni njema na mbu hajatoka, altaneta ipimwe. Betri yenye chaji kamili husoma karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na baina ya 13.8 na 14.4 ikiwa inanguruma. Mita ikigeuzwa kupima mkondo geu kwenye betri hiyo hiyo, nayo ikaonyesha zaidi ya nusu volti, yaelekea daiodi mojawapo imekufa. Visanduku vya kuchujia kelele viuzwavyo madukani viwe dawa ya mwisho. Vile vya bei nafuu humfukuza mbu pamoja na besi.

Lakini mbu hakuwa jambo kubwa alilolikuta sajini siku ile. Alipoufuata waya mwekundu utokao betri, aliona umepenyezwa katika tundu la ukuta wa bati utenganishao injini na abiria, bila raba ya kuukinga, na bila fyuzi yoyote. Makali ya bati yalikuwa yamekwisha kula nusu ya gamba lake. Safari ya Gulu, kilomita zaidi ya 300 kutoka Kampala, ilikuwa imepangwa wiki iliyofuata, na watoto wangekaa nyuma, miguu yao juu ya zulia ambalo chini yake waya ule umepita.

Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa dakika moja. Waya huo ukigusa bati, huwa mwekundu kama kaa, na zulia huwaka kabla dereva hajapata pa kusimama. Fyuzi iliyo juu ya amplifaya haisaidii, kwa maana iko mwisho wa waya. Fyuzi inayohitajika huwekwa karibu na betri, isizidi sentimita 45, nayo hulinda waya. Ukubwa wake hukadiriwa hivi: amplifaya ya njia nne za wati 50 halisi hutoa wati 200, zile za aina ya zamani hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, hivyo hula wati 400, zikigawanywa kwa volti 13.8, ni ampea 29. Fyuzi ya ampea 30 na waya wa shaba wa milimita mraba 8 vinatosha. Anayeitia fyuzi ya 80 kwa sababu ile ya 30 hukatika amenyamazisha mlinzi, hakumfukuza mwizi.

Neno moja kwa madereva wa malori: mengi, yakiwemo ya jeshi, yana betri mbili zinazotoa volti 24. Amplifaya ya volti 12 ikiunganishwa hapo huungua. Kuibia umeme katika betri moja kati ya hizo mbili nako huichosha hiyo na kuichaji mno nyenziwe. Kifaa cha kushusha 24 kuwa 12 kipo. Gari la serikali, bila shaka, lina mwenyewe, na ruhusa huombwa karakana.

Sajini alinunua fyuzi, raba ya tundu na mita moja ya waya, akaihamisha ethi, na bolti ya mkanda akaikaza kama alivyoikuta kiwandani. Jioni injini ikawashwa tena, nayo spika zikanyamaza mpaka wimbo ulipoanza. Mkewe alisikiliza kitambo, kisha akasema kuna kitu kingine kinachogonga kule nyuma. Kilikuwa kibao cha namba, kilichotikiswa na besi. Kikawekewa kipande cha ndara kuukuu.