Moyo umetanuka, usiku pumzi inakatika: Kwa nini mashine si jibu la kwanza Moshi

Mzee wa Kibosho ana moyo uliotanuka. Miguu imevimba, na akitoka kihambani kupanda barabarani anasimama mara tatu kuvuta pumzi. Kliniki anaulizwa habari za chumvi, dawa na kifua. Analalaje? Hakuna anayeuliza. Na mke wake, shahidi pekee wa usiku, hasemi kitu. Kukoroma kwa mume ni kero ya nyumbani, nani amsumbue daktari kwa hilo?

Hapo ndipo tunapokosea. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa karibu nusu ya watu ambao moyo umeshindwa kufanya kazi vizuri, pengine zaidi, wana shida ya kupumua usingizini. Pumzi inakatika kwa sekunde kumi, ishirini, hata zaidi. Oksijeni inashuka, mtu anashtuka, anasinzia tena, inakatika tena. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala, na watu wanasema ni uzee, au alikabwa na jinamizi.

Sasa nchi inaingia kwenye Bima ya Afya kwa Wote, sheria ambayo Bunge liliipitisha 2023, na kila ugonjwa unagombea nafasi kwenye kitita. Kwa ugonjwa huu, anayesoma mtandaoni atakwambia dawa yake ni mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha. Mimi nasema mashine ije, ila isikae mbele ya foleni.

Wapagazi wanaijua pumzi hii

Kukatika kwa pumzi kuna aina mbili, na kuzichanganya ni hatari.

Ya kwanza ni ya kooni. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Huyu ndiye mkoromaji mkubwa, mara nyingi ana unene na presha. Mbege ya jioni inamzidishia, kwa sababu pombe hulegeza koo. Vidonge vya usingizi navyo vinaweza kufanya hivyo hivyo. Maji nayo yanachangia: anayesimama kutwa sokoni Mbuyuni maji humjaa miguuni, na akilala sehemu yake hupanda hadi shingoni na kubana njia.

Ya pili inatoka kwenye ubongo. Koo liko wazi, ila amri ya kupumua inakoma kwa muda. Waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro wameiona mara nyingi. Pale Kibo, mita 4,720, mgeni akilala utasikia pumzi zinakuja kwa kasi, zinafifia, kimya, halafu anavuta kwa nguvu. Mlimani anahema sana kutafuta oksijeni, anatoa kaboni dioksidi nyingi kupita kiasi, na ubongo unaona hakuna haja ya kupumua. Hadi gesi hiyo ijikusanye tena.

Kwa mgonjwa wa moyo mambo ni yale yale, ila hajapanda mlima wowote. Mapafu yenye maji yanamfanya aheme sana, na damu inayotembea polepole inachelewesha taarifa kufika kwenye ubongo. Mpanda mlima akishuka Marangu anapona. Huyu wa kwetu yuko Marangu tayari.

(Na tafadhali, Diamox iliyobaki kwa kijana anayefanya kazi mlimani asipewe babu. Imejaribiwa kwa wagonjwa wachache wa moyo na ilipunguza kukatika kwa pumzi, lakini si tiba ya kujigawia nyumbani.)

Funzo la 2015

Mwaka huo yalitoka matokeo ya utafiti uitwao SERVE-HF. Wagonjwa 1,325 wenye moyo dhaifu na pumzi inayokatika kwa amri ya ubongo waligawanywa: wengine wakapewa mashine ya kisasa inayojirekebisha kufuata pumzi ya mtu, wengine wakaendelea na matibabu ya kawaida tu. Mashine ilituliza pumzi kweli. Lakini waliokufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 29.9 upande wa mashine na 24 upande wa pili. Madaktari wakaonywa wasiitumie kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Utafiti wa baadaye, ADVENT-HF, haukuona vifo kuongezeka. Haukuona pia maisha kurefuka, ingawa usingizi ulikuwa bora.

Kwa mkoromaji wa kooni habari ni njema zaidi. Mashine ya kawaida ya kusukuma hewa inamwondolea usingizi wa mchana na kushusha presha kidogo. Huyo akiipata, sawa. Ila inataka umeme usiku kucha, barakoa inayomkaa vizuri, na mtu wa kumrekebishia ikimsumbua. Ukikata umeme Rombo saa nane usiku, inabaki boksi tu.

Ianziwe wapi

Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa 2014, wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa, ulikuta wastani wa umri ni miaka 55, na presha ndiyo chanzo kwa asilimia 45. Yaani ni watu ambao bado wanasomesha watoto, na ugonjwa wao ungeweza kuzuiwa kwa vidonge vya presha.

Na moyo ukitibiwa vizuri, maji yakitoka na dawa zikinywewa kila siku, pumzi ya usiku mara nyingi hutulia bila mashine. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya bima iende kwenye dawa zisizokatika. Siku ya kliniki mtu wa Rombo anaruka kidonge cha kutoa maji kwa sababu hawezi kushuka kwenye daladala kila baada ya dakika ishirini. Akipewa dawa ya miezi mitatu na kupimwa presha kwenye zahanati ya jirani, safari za KCMC zinapungua, na kidonge hakirukwi.

Shilingi ya pili inunue vipima oksijeni vya kidoleni vinavyorekodi usiku mzima, ambavyo mgonjwa anaazimwa na kurudisha asubuhi. Havitoi jibu lote, lakini vinaonyesha nani apelekwe mbele.

Kuna kingine cha bure. Mama akishtuka usiku, awashe simu arekodi dakika mbili, kifua na uso vionekane. Kifua kikihangaika huku hewa haipiti, tatizo huenda ni koo. Kikitulia kabisa halafu pumzi zikaanza kupanda taratibu, inawezekana ni ile ya Kibo. Video hiyo aioneshe kliniki, hata kama mzee mwenyewe atakataa katakata kwamba anakoroma.