Fundi, nani kakwambia kusasisha ni ugonjwa?

Wadau, nimerudi kutoka Kahama na hasira zangu. Nilichomeka flashi kwenye kompyuta ya steshenari moja (jina nalihifadhi) nichapishe kurasa tatu tu. Kufika Shinyanga, folda zote zimegeuka shotikati na mahojiano yangu na wachimbaji wadogo hayafunguki. Nikampigia fundi wa pale. Akanijibu: "Kaka, hizo mashine tumezima apdeti zote, zinamaliza bando. Halafu Windows yenyewe ya kuchakachua, ukiisasisha inagoma." Na alisema kwa fahari!

Jamani, hapo ndipo vijana wanaskani vyeti vyao kuombea mkopo wa chuo. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, nywila, vyote humo.

Tunasahau haraka. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote, hospitali za Uingereza zikiwemo. Dawa ya shimo kilimopitia Microsoft walikuwa wameitoa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha.

Sasa njoo kwenye Linux. Ubuntu na Debian zina kitu kinaitwa apt. Programu zinakuja kwa vifurushi (si vya kampuni za simu, tulieni) kutoka ghala moja, na apt inakagua saini ya ghala kabla ya kufunga chochote. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, hoja ilikuwa hiyo hiyo: mali ipimwe mahali panapojulikana, si nyuma ya nyumba ya mtu. Unaandika sudo apt update, inasoma orodha mpya. Unaandika sudo apt upgrade, inaleta mapya yote kwa mkupuo: mfumo wenyewe, LibreOffice, kisoma PDF, mpaka mambo ya printa. Hakuna kuzunguka mitandaoni kutafuta krak.

Na bando? Weka apt-cacher-ng kwenye mashine moja. Hiyo inashusha kifurushi mara moja na kukitunza, nyingine tano zinachukua kwake kwa waya wa ndani. Kwa hiyo, fundi, hoja yako ya bando imekufa.

Najua kuna atakayesema Linux nayo ina mashimo. Kweli. Machi 2024 mlango wa siri ulikutwa ndani ya xz, na ulishaingia kwenye Debian ya majaribio. Ulinaswa kabla haujafika kwenye toleo thabiti, na waliokuwa nao wakaponywa kwa amri zile zile mbili.

Ila tusimsulubu fundi peke yake. Sisi wenye digrii ndio tunaomlipa atuwekee Windows ya wizi, halafu tunamsifu ana mkono mwepesi.

Nimemwambia Jumamosi nakuja na Ubuntu kwenye flashi, bure, tuanze na mashine moja. Kasema atafikiria. Flashi yenyewe ni mpya, ile ya zamani siichomeki tena popote.