Elimu ya Uhandisi na Mgomba wa Karagwe

Katika wilaya ya Karagwe, na ya Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, mgomba ndio tegemeo la chakula. Karagwe ndiko shirika la wakulima la MAVUNO na wahandisi kutoka Berlin, Ujerumani, walikoshirikiana kubuni mtambo wa kugeuza mabaki ya migomba kuwa gesi ya kupikia. Kitabuni, jambo hilo ni kanuni za kemia tu. Shambani huzuka maswali mengine: mashina yenye nyuzi ndefu atayakatakata nani? Maji yatatekwa wapi? Masalia yatarudishwaje shambani? Majibu wanayo wakulima na akina mama wapikao.

Kuuliza, kusikiliza na kueleza ni stadi za uhandisi, wala hazipatikani kwa kunakili ubaoni. Hapana budi zianze kufundishwa katika shule za sekondari. Mwalimu na awagawe wanafunzi katika vikundi. Wasanifu kifaa cha kutatua shida ya kijiji chao, wakijaribu, kisha wakieleze mbele ya watakaokitumia. Itasemwa kwamba muda ni mfupi na mtihani uko mbele. Ni kweli, lakini mtambo ulio sahihi kwa hesabu na usiotumiwa jikoni haumpunguzii mama hata mzigo mmoja wa kuni.